Nambari Sita Ni Ngapi?

Waswahili husema kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nami naongeza, kwa idhini yako msomaji mpenzi, kwamba adhabu ya kiatu aijuaye ni mguu uliomo ndani yake. Mnunuzi, muuzaji na mwalimu wa zamu wote ni watazamaji tu. Nayasema haya kwa sababu mimi nilikuwa mnunuzi katika kisa nitakachokusimulia, na kwa muda wa wiki sita sikujua kuwa nilikuwa nimemtia mtoto wa dada yangu pingu za miguuni kwa pesa zangu mwenyewe.

Ilikuwa Januari 2024. Mpwa wangu alikuwa ameufanya mtihani wa KCPE wa mwaka 2023, ule uliokuwa wa mwisho katika historia ya nchi hii, na alikuwa ameitwa kujiunga na Kidato cha Kwanza katika shule moja ya bweni huko Magharibi, pamoja na kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4. Dada yangu anaishi Kangemi na huuza mboga kando ya barabara. Karo ilikuwa imemkausha. Godoro, sanduku la bati, ndoo, sare mbili na sweta, vyote alivipata kwa kuungaunga. Kilichobaki ni viatu vyeusi vya ngozi, na mzigo huo nikaupokea mimi. Nikampigia simu kutoka ofisini nikamwuliza, mtoto avaa nambari ngapi?

"Sita, Kaka," akanijibu bila kusita. Na kweli raba ambazo binti huyo alikuwa amezivaa katika darasa la nane zilikuwa na tarakimu 6 iliyopigwa chapa kwenye soli.

Jioni ile nikaingia katika duka moja katikati ya jiji, nikaomba viatu vya shule, nambari sita, vya msichana. Muuzaji akanitolea jozi safi, ngozi inang'aa, sanduku limeandikwa 6 na soli imeandikwa 6. Nikalipa shilingi 2,400, nikapewa risiti, nikapanda matatu. Foleni ya magari pale Westlands ilikuwa kama ulivyoizoea, nikafika Kangemi saa tatu usiku, nikakabidhi sanduku, nikala ugali, nikaaga. Mtoto alivijaribu nilipokwisha kuondoka. Vilimbana. Mama yake akamwambia kuwa ngozi hutanuka ikivaliwa, jambo ambalo si uongo. Saa kumi na moja alfajiri walikuwa kituoni kando ya Waiyaki Way wakingoja basi.

Alirudi kwa likizo fupi ya katikati ya muhula. Nilipomwona akishuka ngazi kama mtu anayekanyaga makaa, nikamwambia avue soksi. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umegeuka mweusi, visigino vilikuwa na madonda mawili yaliyokauka na moja lililokuwa bichi. Viatu vyenyewe vilikuwa vimekanyagwa nyuma vikawa kama kandambili, maana hiyo ndiyo iliyokuwa njia pekee ya kutembea navyo. Kwa kosa hilo la kuvikanyaga alikuwa ameadhibiwa mara mbili na mwalimu wa zamu. Alifyeka nyasi kwa sababu ya uzembe katika mavazi. Sikusudii kumlaumu mwalimu huyo. Mimi pia ni mwalimu, na najua kuwa mtu anayesimamia wasichana mia kadhaa gwarideni hana wasaa wa kuuliza kila kisigino historia yake.

Nilimwuliza binti kwa nini hakusema mapema, hata usiku ule ule. Akainamisha kichwa. "Mjomba, viatu viliandikwa sita. Nilifikiri ni miguu yangu iliyo na makosa."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niichukue kalamu. Lakini kwanza nilichukua rula. Nilikiweka kiatu kipya kando ya raba kuukuu, soli kwa soli, sita kwa sita. Kile kipya kilikuwa kifupi kwa milimita 17 hivi. Nikarudi dukani nikiwa na vyote viwili na risiti. Muuzaji alinisikiliza kwa heshima, kisha akanielekeza kwa kidole kwenye maandishi yaliyo chini ya risiti, ya kuwa bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Nilipozidi kuteta akasema, "Mzee, uliitisha sita, nikakupa sita. Kosa langu liko wapi?"

Ukiyatazama kwa makini, maneno yake hayana dosari. Nilitamka neno, naye akanipa kitu chenye jina hilo. Tatizo ni kwamba neno lile lilikuwa la lugha mbili. Mimi nilikuwa nimelitamka kwa Kiingereza cha Uingereza, kiatu nacho kilikuwa kimeandikwa kwa Kiingereza cha Marekani, na baina yetu hapakuwa na mkalimani.

Walimu wanaofundisha isimu watakumbuka fundisho la Ferdinand de Saussure, ambalo wanafunzi wake walilichapisha mwaka 1916, miaka mitatu baada ya kufa kwake. Alisema kwamba uhusiano baina ya ishara na maana yake ni wa unasibu. Hakuna kinacholazimisha mti uitwe mti. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hulipenda sana fundisho hilo, na wengi hukomea hapo. Husahau sehemu ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito: kwa vile ishara ni ya nasibu, hakuna kinachoishikilia isipokuwa maafikiano ya jamii. Maafikiano yakivunjika, ishara haibaki na maana hafifu. Haibaki na maana yoyote. Tarakimu 6 iliyopigwa kwenye soli ya kiatu cha mpwa wangu ilikuwa doa la wino.

Hebu basi tutazame sita hizi zilitoka wapi. Katika Uingereza ya Karne za Kati, inchi moja ilifasiriwa kuwa urefu wa punje tatu za shayiri zilizokauka na kupangwa moja mbele ya nyingine. Washona viatu wakaichukua punje hiyo moja, theluthi ya inchi, wakaifanya hatua ya kutoka nambari hadi nambari. Randle Holme aliueleza mpango wa aina hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1688, na hadi leo kiatu cha Kiingereza huongezeka kwa punje ya shayiri, yaani milimita nane na nusu hivi. Kuhesabu huanzia inchi nne kwa watoto. Hufika 13, na hapo, badala ya kwenda 14, huanza tena moja. Kwa hiyo mtoto aliyevaa nambari 13 mwaka jana huenda akavaa nambari 1 mwaka huu, na miguu yake imekua. Ningemwona mwanafunzi wa darasa la tatu akihesabu hivyo, ningemwita mzazi wake.

Wafaransa na majirani zao wa bara la Ulaya hawakuitaka shayiri. Wao hutumia hatua ya theluthi mbili za sentimita, na huanza kuhesabu kutoka sufuri, ndiyo maana nambari zao ni kubwa: 37, 39, 42. Wamarekani walibaki na punje ya shayiri ya Waingereza lakini wakahamisha mahali pa kuanzia, na isitoshe wakauhamisha kwa wanaume kwa kiasi kimoja na kwa wanawake kwa kiasi kingine. Kiatu cha kike kinachoitwa 6 Marekani huwa karibu na 4 ya Uingereza na 37 ya bara la Ulaya. Sita ya Uingereza nayo huwa karibu na 39. Zidisha nambari mbili kwa punje ya shayiri, utapata zile milimita 17 zangu.

Nasema "huwa karibu na" kwa sababu kuna jambo jingine, na hili ndilo wengi hawalijui. Nambari ya Kiingereza na ile ya Kifaransa hazipimi mguu. Hupima kalibu, yaani kile kipande cha mbao au plastiki ambacho kiatu huundwa juu yake. Kalibu lazima iuzidi mguu kidogo, na ni kiasi gani iuzidi, hilo huamuliwa na mtengenezaji kwa kadiri ya mtindo wake: kiatu chenye ncha huhitaji nafasi kubwa mbele, ndara haihitaji. Matokeo yake ni kwamba hata viwanda viwili vinavyofuata mpango ule ule vyaweza kuandika 6 kwenye viatu viwili visivyolingana, na vyote viwili vikawa vimesema kweli.

Kuna atakayesema, mbona sisi Waafrika Mashariki tumezoea kuishi na mifumo miwili? Hoja hiyo naikubali, na tena nitaitolea mfano bora kuliko atakaoutoa yeye. Saa. Mzungumzaji wa Kiswahili husema saa mbili asubuhi, na saa aliyoivaa mkononi inaonyesha nane. Hakuna mtoto wa Nairobi anayechelewa shuleni kwa ajili ya tofauti hiyo. Kwa nini? Kwa sababu tofauti haibadiliki: ni saa sita, leo na kesho, Lamu na Busia, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Tafsiri inawezekana palipo na kanuni. Sasa ebu fikiria kwamba tofauti hiyo ingekuwa saa sita kwa wanaume na saa saba na nusu kwa wanawake, na kwamba kila kampuni ya mabasi ingeruhusiwa kuongeza au kupunguza nusu saa kwa kadiri ya mtindo wake. Hapo ndipo tulipo na viatu. Zile chati za kubadilishia nambari ambazo vijana hunionyesha kwenye simu zao nimezilinganisha, na zenyewe hazikubaliani.

Kwenye nguo mambo ni mabaya zaidi, maana kiatu angalau kina kitu kimoja cha kupima, urefu, na nguo ina vingi. Gauni ambalo Mwingereza analiita 12, Mmarekani huliita 8, Mjerumani 38, Mfaransa 40 na Mwitaliano 44. Yote matano yaweza kukutana chini ya turubai moja Kawangware, yametoka katika robota moja la mitumba. Tangu milango ya mitumba ilipofunguliwa mapema katika miaka ya 1990, na viwanda kama KICOMI ya Kisumu vikafa, kabati la Mkenya wa kawaida limekuwa Umoja wa Mataifa usio na wakalimani.

Nambari hizi za Kimarekani nazo zina historia ambayo yafaa kusimuliwa darasani. Mnamo mwaka 1939 na 1940, Idara ya Kilimo ya Marekani iliwapima karibu wanawake 15,000 ili kupata msingi wa kisayansi wa kukata nguo. Vipimo vya wanawake wasio Wazungu viliwekwa kando. Matokeo yalichapishwa mwaka 1941, na mwaka 1958 serikali yao ikatoa viwango rasmi: nambari 8 ilimaanisha kifua cha inchi 31 na kiuno cha inchi 23 na nusu. Viwango hivyo havikuwa na nguvu ya sheria, na mwaka 1983 vikaondolewa kabisa. Wafanyabiashara walikuwa wamekwisha kugundua kwamba mteja hufurahi akiingia katika nambari ndogo, wakawa wanaongeza kitambaa na kuiacha nambari pale pale. Nambari 8 ya leo humpita mwenzake wa 1958 kiunoni kwa zaidi ya inchi tatu. Lugha ya kubembeleza imeingia katika hesabu.

Wanaume wasicheke. Sisi huambiwa kwamba suruali zetu huandikwa inchi halisi za kiuno, na inchi haina ubembelezi. Niliazima utepe wa kupimia nikazitandaza kitandani suruali zangu tatu zilizoandikwa 34. Moja ilikuwa na inchi 34 na nusu. Ya pili 36. Ya tatu, ambayo ndiyo niipendayo na ambayo nimewahi kujisifia kwa mke wangu kwamba bado naingia katika 34 kama nilivyokuwa kijana, ilikuwa na inchi 37. Nilimrudishia utepe wake bila maelezo.

Mwanaisimu hawezi kuyatazama haya asikumbuke mambo ya nyumbani kwake. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, iliamuliwa kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaanza kukikata na kukishona. Wenyeji wa Mombasa, wenye Kimvita chao kilichokomaa kwa tungo za karne nzima, wakajikuta wamevishwa vazi lililopimwa kwa mwili wa jirani. Wengine hawajaacha kulalamika kuwa linawabana kwapani. Mimi siupingi usanifishaji. Nautumia katika safu hii na unanilipa mshahara. Ninachosema ni kwamba kila kipimo kina mwili fulani uliopimwa kwanza, na ni haki ya anayevaa kujua ulikuwa mwili wa nani.

Kiswahili chenyewe, kabla ya "saizi" kuhamia kwetu, kilipima kwa mwili na kikakiri hivyo waziwazi. Tulikuwa na shibiri, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Tulikuwa na mkono au dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Mikono miwili ni wari, na minne ni pima. Bila shaka muuza nguo mwenye mkono mfupi alipata faida, lakini mkono wake ulikuwa mbele ya macho yako na ungeweza kumtafuta mwingine. Leso za pwani huuzwa kwa doti, na doti humwenea mwembamba na mnene, kwani mvaaji ndiye anayeikamilisha kwa kuifunga. Zingatia pia vitenzi vyetu. Nguo humwenea mtu, humtosha, humkaa; ikikataa, humbana au humpwaya. Katika vyote hivyo nguo ndiyo kiima, nguo ndiyo inayotenda na ndiyo inayokosea. Mpwa wangu alizaliwa katika lugha inayosema "kiatu kinanibana". Tarakimu ndogo kwenye soli ikamfundisha kusema miguu yangu ina makosa.

Na "saizi" nayo? Asili yake ni neno la Kifaransa cha kale lililomaanisha kikao cha kutoa amri, na Waingereza wa zama zile walilitumia kwa mabaraza yaliyopanga uzito halali wa mkate na kipimo halali cha pombe. Saizi ilikuwa amri. Mwokaji aliyepunguza mkate aliadhibiwa. Neno limetufikia, baraza limebaki njiani.

Nisieleweke vibaya, sitaki kuwatukuza wauzaji wa mitumba kupita kiasi, kwa maana nao wananijua na hunipandishia bei. Lakini ukienda katika soko la Toi, au ukisimama penye viatu vilivyopangwa juu ya magunia kule Kawangware, utaona kwamba watu wale wameacha zamani kuziamini nambari. Kiatu huwekwa soli kwa soli na kile ulichokivaa. Kiuno cha suruali huzungushwa shingoni, ncha zikutane nyuma ya kichwa. Soksi huzungushwa kwenye ngumi. Na mama aliyemwacha mtoto nyumbani hutoa katika kibeti kijiti kilichokatwa sawa na urefu wa mguu wa mwanawe, akakitumbukiza ndani ya kiatu. Kikikaa na nafasi ya upana wa kidole, analipa.

Kijiti kile kinastahili heshima. Shirika la kimataifa la viwango, ISO, lina mpango wake wa kupima viatu uitwao Mondopoint, na msingi wake ni kwamba kiatu kiandikwe urefu wa mguu utakaoingia ndani yake, kwa milimita. Haijalishi kalibu wala mtindo. Majeshi huutumia, na watengenezaji wa viatu vya kutelezea kwenye theluji pia. Nilipousoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa sababu ni kijiti cha mama wa Kawangware kilichovishwa suti. Mama yangu mzazi alikwenda navyo sokoni vijiti sita, kimoja kwa kila mtoto, vimefungwa kwa uzi wa katani ili visichanganyike.

Hata nguo mpya zinazotoka China na kujaa katika vibanda vya katikati ya jiji, nyingi huwa na habari kamili, ila hakuna azisomaye. Geuza ukosi wa shati, chini ya ile herufi kubwa L waweza kukuta maandishi madogo kama 170/92A. Maana yake ni mtu wa kimo cha sentimita 170, kifua cha sentimita 92, na herufi ya mwisho hueleza tofauti iliyopo baina ya kifua na kiuno. Hiyo ni sentensi nzima, yenye sarufi. Sisi tunaisoma ile L, kisha tunalalamika kwamba L ya China ni ndogo, kana kwamba L iliwahi kuahidi chochote.

Nchi hii ina Shirika la Viwango, KEBS, lililoanzishwa mwaka 1974. Ina sheria ya mizani na vipimo, na muuza unga atakayeandika kilo mbili kwenye mfuko wa kilo moja na robo tatu anaweza kufikishwa mahakamani. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa hiyo, na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 ikafuata. Nambari iliyo kwenye kiatu ni habari. Ikiwa sita yaweza kuwa sentimita hizi au zile kwa kutegemea bara ambako kalibu ilichongwa, basi mteja hajapewa habari, amepewa kitendawili. Sioni ugumu wa kuagiza kwamba kila kiatu kipya kinachouzwa nchini, hasa cha mwanafunzi, kiandikwe urefu wa mguu kwa sentimita kando ya nambari yoyote nyingine atakayoipenda mwenye kiwanda. Mitumba haitaandikwa upya, najua, lakini mitumba ina vijiti vyake. Ni duka lenye vioo na risiti ndilo lisilo na kijiti wala sentimita. Nitaambiwa kuwa chapa mpya zitaongeza gharama. Shilingi 2,400 zangu zilikuwa gharama ya nani?

Na wakati tunaingoja serikali, kuna jambo ambalo walimu wanaweza kulifanya bila waraka wowote kutoka Jogoo House. Orodha ya mahitaji inayotumwa kwa wazazi huandika "viatu vyeusi vya ngozi, jozi moja". Iongezwe mstari mmoja: mpime mtoto wako mguu jioni, akiwa amesimama, kisigino ukutani, uandike sentimita. Nasema jioni kwa kuwa mguu huvimba kidogo kutwa. Nasema akiwa amesimama kwa kuwa uzito huutanua. Na mguu wa kushoto upimwe pia, kwani mara nyingi si pacha wa mwenzake.

Fundi wangu wa cherehani, ambaye kibanda chake hakiko mbali na kituo cha magari ya nambari 46, hahitaji waraka. Nilimpelekea kitambaa cha suruali nikamwambia, kwa mazoea tu, kwamba mimi huvaa 34. Hakuniinulia hata macho. "Kwangu hakuna nambari, mwalimu. Simama nikupime." Akanipima kiuno, nyonga, paja, urefu wa ndani na wa nje, akiyaandika yote kwa penseli katika daftari kuukuu la shule. Kiuno alikitamka kwa sauti, na mteja aliyekuwa akingoja zamu alisikia. Ilikuwa 37.

Mpwa wangu alipona, na ukucha mpya ukaota. Muhula wa pili alirudi shuleni na viatu vya mtumba tulivyovinunua pamoja. Ndani vimeandikwa nambari ambayo hakuna kati yetu aliyejishughulisha kuikariri. Zile jozi za shilingi 2,400 zilikaa juu ya rafu ofisini kwangu kwa mwaka mmoja na zaidi. Nilikuwa nikienda nazo darasani siku ya kufundisha unasibu wa ishara, nikawapitishia wanafunzi na kuwauliza tarakimu ile inarejelea nini.

Baada ya kipindi kimoja mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kutoka Migori alinifuata hadi mlangoni, akakohoa, akauliza kama viatu vile vina kazi nyingine. Ana dada yake mdogo anayeingia shule ya upili, na huvaa nambari nne. Nilimwomba asinitajie nambari, alete kijiti. Alikileta Jumatatu iliyofuata, kimefungwa ndani ya karatasi ya gazeti. Tukakitia ndani ya kiatu, kikaingia, ikabaki nafasi ya upana wa kidole.

Nikampa na ile risiti.